SOMO LA KIKUNDI: PAKA AKIUMIA JICHO

Somo hili ni la kusomwa kwa sauti kikundini na kujadiliwa. Limeandikwa kwa kufikiria vikundi vya Kahawa Wendani na majirani wa Ruiru na Githurai, lakini linafaa popote penye paka. Muda ni saa moja na nusu. Mwenye kuongoza alete leso kuukuu, katoni, kamba, chumvi, kijiko cha chai na chupa ya nusu lita.

Mwisho wa somo, kila mwanakikundi aweze:
- kutambua jicho lisiloweza kungoja;
- kutoa huduma ya kwanza bila kuumiza zaidi wala kuumwa;
- kujua mahali pa kumpeleka paka na maswali ya kumwuliza daktari;
- kusaidia kikundi kuweka mpango wa gharama kabla ya ajali.

1. KWA NINI TUZUNGUMZE JUU YA PAKA?

Tukikutana tumezoea habari za ng'ombe wa maziwa, kuku na mbuzi. Paka akitajwa, wengine hucheka. Lakini paka ana kazi. Wendani imejaa ploti za kupangisha zilizobanana, taka ziko karibu na milango, na panya hawaombi ruhusa. Mwenye kuuza nafaka anajua hasara ya gunia lililotobolewa. Tena kuna mzee anayeishi peke yake na mtoto anayerudi shuleni akikuta nyumba haina mtu. Kwa hao paka si wa kukamata panya tu, ni mwenzao.

Kuna pia sheria. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamhesabia mtu kosa akimtesa mnyama au akimwacha ateseke bure. Kumfungia mnyama aliyeumia bila kumtafutia msaada si jambo dogo.

Wengine husema, "Ah, paka ana roho saba, atapona mwenyewe." Mkwaruzo mdogo wa ngozi huweza kupona. Jicho ni jambo lingine. Mara nyingi jicho la paka halipotei kwa lile pigo la kwanza. Linapotea kwa mambo mawili yanayofuata: kungoja, na kutiwa dawa isiyofaa. Yote mawili yako mikononi mwetu. Hilo ndilo somo la leo.

2. JICHO LINAUMIZWA NA NINI?

Kwanza ni kucha za paka mwenzake. Madume wakipigania jike usiku juu ya mabati, kucha hulenga uso. Paka mdogo anayemsogelea mbwa pia hupigwa ukucha wa jicho.

Pili ni pigo: gari, pikipiki, mawe ya watoto, mlango uliofungwa kwa upepo. Pigo la kichwa likiwa kubwa, jicho laweza kutoka nje ya tundu lake. Paka wa namna hiyo huenda amevunjika taya pia au ameumia ndani ya kichwa.

Tatu ni kitu kilichoingia: mwiba wa ua, mbegu ya nyasi, kipande cha waya.

Nne ni kitu kinachounguza: chokaa ya kupaka ukuta, dawa ya kung'arisha nguo, mafuta ya kukaangia, pilipili. Kwenye mashamba na vichaka kuna pia fira anayetema sumu. Hulenga macho, na sumu yake huunguza kioo cha jicho.

Mbele ya jicho kuna ngozi nyembamba inayoona kama kioo safi. Tutaiita kioo cha jicho. Ikikwaruzwa hufanya kidonda. Kidonda kikiingiwa na vijidudu huzidi kuchimba, na siku chache zikipita kioo chaweza kutoboka. Kikitoboka, maji ya ndani hutoka na jicho hunywea.

3. DALILI

Paka huficha maumivu. Usingoje alie. Angalia mambo haya:
- amefumba jicho moja, au analipapasa kwa mguu;
- machozi mengi, au usaha wa manjano au kijani;
- kope la tatu limejitokeza. Hii ni ngozi nyeupe kwenye pembe ya jicho upande wa pua;
- kioo kimekuwa cha buluu au cheupe kama maziwa;
- damu ndani ya jicho;
- mboni moja kubwa na nyingine ndogo;
- anakimbia mwangaza, anajificha chini ya kitanda, hali chakula.

Jicho lolote lililofumbwa lionwe na daktari siku hiyo hiyo. Haya manne hayangoji hata saa: jicho lililotoka nje, jicho lililotoboka, kitu kilichochoma na kubaki ndani, na jicho lililoingiwa na kitu cha kuunguza.

4. SAA YA KWANZA: FANYA HIVI

Jilinde kwanza. Paka mwenye uchungu huuma hata mwenyewe. Meno yake ni kama sindano, huingiza uchafu ndani kabisa, na mkono huvimba kesho yake. Tandika leso, mweke katikati, mkunje kama mtoto mchanga mpaka miguu yote minne iwe ndani na kichwa peke yake kiwe nje. Mmoja ashike, mwingine atazame. Watoto wakae kando. (Zoezi: fanyeni hivi sasa kwa kutumia mto badala ya paka.)

Tengeneza maji ya chumvi. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko cha chai kimoja cha chumvi kilichosawazishwa, koroga, acha yapoe kabisa. Kama kuna maji ya dripu ambayo hayajafunguliwa, ya chumvi tupu, hayo ni bora zaidi. Yasiwe ya moto wala ya barafu.

Kama ni kitu cha kuunguza au sumu ya fira: usingoje kuchemsha. Mimina maji safi yoyote uliyo nayo, polepole, kutoka pembe ya pua kuelekea nje, kwa dakika 15 hadi 20. Tazama saa, kwa maana dakika 2 huonekana kama 15 paka akipigana. Ndipo uende kwa daktari.

Kama jicho limetoka nje: usilirudishe kwa vidole. Lichovye maji ya chumvi, lifunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji hayo, endelea kuliloweka njiani lisikauke. Jicho likikauka, nafasi ya kuliokoa hupungua sana. Ukiona paka anahema kwa shida au anatoka damu puani, mlaze ubavu na umbebe bila kumtikisa.

Kama kitu kimechoma na kubaki: usikivute. Huenda ndicho kimeziba tundu. Acha daktari akitoe.

Kama ni usaha tu na kope zimegandana: loweka pamba kwa maji ya chumvi, weka juu ya kope mpaka ukoko ulainike, futa kwa nje tu. Usisugue. Usifungue jicho kwa nguvu.

Mzuie asijikune. Paka akikuna jicho lenye kidonda hulimaliza mwenyewe. Kata duara la katoni, toa tundu katikati, lipasue upande mmoja, livishe shingoni na ufunge kwa kamba. Liache nafasi ya kupitisha vidole viwili.

Msafirishe vizuri. Katoni yenye matundu, leso chini, kifuniko kimefungwa kwa kamba. Usitumie gunia, maana nyuzi zake hukwaruza. Usimlishe njiani, kwa sababu daktari akihitaji kumpa dawa ya usingizi, tumbo tupu ni salama zaidi. Maji kidogo anaweza kunywa.

5. USIFANYE HIVI

Hapa wanakikundi wasikilize vizuri, kwa kuwa makosa haya hufanywa na watu wenye huruma.

Usitie dawa ya macho iliyobaki nyumbani. Dawa nyingi za matone zina kitu cha kupunguza wekundu na uvimbe. Soma karatasi: ukiona deksamethasoni, betamethasoni, prednisoloni au haidrokotisoni, weka chini. Jicho huonekana limetulia siku ya kwanza na watu hufurahi, kumbe dawa hiyo inazuia kidonda kufunga na kuvipa vijidudu nafasi. Ndiyo dawa ya jicho jekundu lisilo na kidonda, na ni daktari peke yake anayeweza kujua kama kidonda kipo.

Usimpe paka dawa za maumivu za watu. Parasetamoli ni sumu kwa paka. Ini lake halina uwezo wa kuivunja kama letu, damu yake hushindwa kubeba hewa, ufizi huwa wa kahawia, uso huvimba. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumuua paka mzima. Ibuprofeni na aspirini pia zina hatari. Mtu atasema, "Nilimpa nusu tu." Hata nusu ni nyingi.

Usitie maziwa ya mama, majani ya chai, sukari, asali, tumbaku, mafuta ya taa wala maji ya mitishamba. Mengine huunguza na mengine huleta vijidudu.

Usinunue dawa dukani kwa kusimulia tu. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo huweza kuwa mtu mwema, lakini bila kuliona jicho anabahatisha. Ukitaka kupita dukani, pita ukiulizia simu ya daktari.

6. KICHAA CHA MBWA

Paka aliyepigana na mbwa au paka asiyejulikana huenda ameambukizwa kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ulithibitishwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, na serikali ina mpango wa mwaka 2014 unaolenga kuumaliza kufikia 2030. Mbwa ndio huleta visa vingi kwa watu, lakini paka pia huambukiza kwa kuuma au kukwaruza.

Mtu akiumwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo aulizie chanjo. Asifiche kwa kuogopa gharama au kucheka kwa watu. Dalili za ugonjwa huu zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Paka akibadilika tabia ghafla, akishambulia bila sababu, akitokwa na mate au akilegea miguu, asishikwe. Afungiwe chumbani na ofisi ya mifugo ipigiwe simu. Mwambie daktari wazi kama paka amechanjwa au hajachanjwa. Chanjo huanza akiwa na miezi mitatu na hurudiwa kama daktari atakavyoagiza.

7. TUENDE WAPI KUTOKA WENDANI?

Kumbukeni mipaka. Kahawa West ni Nairobi, lakini Kahawa Wendani iko Kaunti ya Kiambu, sehemu ya Ruiru. Kwa hiyo ofisi ya serikali ya mifugo inayotuhusu ni ile ya Ruiru. Tangu mwaka 2013 kazi za mifugo ziko chini ya kaunti. Ofisi hiyo huweza kukuelekeza kwa daktari aliye karibu hata kama haina vifaa vya macho.

Njia ya pili ni daktari wa wanyama mwenye kliniki yake kando ya Barabara ya Thika. Hapa kuna jambo la kuangalia. Sheria ya mwaka 2011 inataka daktari wa mifugo na msaidizi wake waandikishwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Uliza bila haya: "Daktari, umeandikishwa na Bodi?" Msaidizi huweza kufanya mengi mema, lakini upasuaji wa jicho ni kazi ya daktari mwenyewe. Uliza pia kama anatibu paka na mbwa, maana wengine kazi yao ni ng'ombe na kuku tu.

Njia ya tatu ni Kabete. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha madaktari wa mifugo katika kampasi yake ya Upper Kabete, na kuna kliniki ya wanyama wadogo. Ukitoka Wendani utapanda matatu mpaka mjini, kisha nyingine ya Barabara ya Waiyaki kuelekea Uthiru. Asubuhi msongamano wa kuingia mjini ni mkubwa, basi ondoka mapema na upige simu kwanza.

Kuna pia chama cha kulinda wanyama, KSPCA, kilichoanza mwaka 1910 na ambacho makao yake yako Karen. Hupokea habari za wanyama walioteswa au walioachwa. Ukimkuta paka asiye na mwenyewe ameumia, wapigie.

8. DAKTARI ATAFANYA NINI?

Atatazama jicho kwa tochi. Halafu atatia tone la rangi ya machungwa. Penye kidonda rangi hiyo hung'aa kijani chini ya taa ya buluu. Kipimo hiki ni kidogo na ni cha muda mfupi, lakini ndicho kinachoamua dawa ipi ni salama. Kama daktari anataka kuandika dawa ya jicho lililofumbwa bila kipimo hicho, mwulize kwa heshima, "Je, umepima kama kuna kidonda?"

Kidonda kidogo hutibiwa kwa dawa ya kuua vijidudu mara kadhaa kwa siku, na kwa kawaida hufunga ndani ya wiki moja. Kisipofunga, rudi. Kidonda kinachoyeyuka huhitaji dawa kila baada ya saa chache. Madaktari wengine hutengeneza matone kutokana na maji ya damu ya paka mwenyewe, maana yana kitu cha kuzuia kuyeyuka huko. Wakati mwingine hushona kope la tatu juu ya jicho kama bandeji.

Maswali manne ya kuuliza kabla ya kutoka:
- Je, jicho hili litaona tena?
- Dawa hii ni mara ngapi na kwa siku ngapi?
- Nirudi lini, na nikiona nini nirudi mapema?
- Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na kurudi?

9. JICHO LIKIHITAJI KUTOLEWA

Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kusema, "Basi achomwe sindano alale." Ngojeni kwanza. Jicho lililoharibika huuma kila siku. Likitolewa, maumivu huisha. Paka hulala usingizi wa dawa, jicho hutolewa, kope hushonwa, na nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Paka wa jicho moja hula, hucheza, hupanda ukuta na hukamata panya. Wiki za kwanza atakosea kuruka, kisha atazoea.

Kuna sababu nyingine ya kutoacha jicho bovu lililonywea. Imejulikana kwa madaktari kwamba jicho la paka lililoumia vibaya huweza kuota saratani miaka mingi baadaye. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Liache, halimsumbui tena," mwulize daktari.

Kumwua paka bila maumivu ni njia ya mwisho, pale ambapo kichwa au mwili umeumia kiasi kwamba hakuna matumaini. Hata hapo kazi hiyo ni ya daktari. Kumtupa mtoni au kumwacha kando ya barabara kuu si suluhisho.

10. UANGALIZI WA NYUMBANI

Mweke ndani, chumba chenye giza kidogo, pamoja na chombo cha mchanga. Kola isivuliwe hata kama anaichukia. Osha mikono kabla na baada ya kutia dawa. Tia dawa ukiwa nyuma ya paka, kichwa chake kikiangalia juu, bila ncha ya chupa kugusa jicho. Kama ni aina mbili, ziachane dakika 5. Andika ukutani saa za dawa, na kila anayetia aweke alama. Mpe chakula chenye harufu kama omena, kwa sababu paka asiyesikia harufu hali. Akikaa siku nzima bila kula, piga simu.

11. MPANGO WA GHARAMA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ajali haingoji zamu yako ya mzunguko ifike. Tunapendekeza kikundi kifanye haya:

(a) Kila mwenye mnyama wa nyumbani aweke kiasi kidogo kila mkutano katika mfuko wa dharura ya wanyama. Kikundi ndicho kitakubaliana kiasi. Mweka hazina auandike kando, usichanganywe na pesa za mzunguko.

(b) Mkopo wa mfuko huu utolewe siku hiyo hiyo kwa idhini ya watu wawili, bila kungoja mkutano. Jicho halingoji Jumapili.

(c) Katibu apige simu kliniki tatu sasa hivi, kabla ya ajali, aulize bei ya kutazamwa, ya kipimo cha rangi na ya kutoa jicho. Aandike kwenye karatasi moja pamoja na saa za kazi, na kila nyumba ipate nakala.

(d) Kikundi kiombe daktari siku moja kwa wanyama wengi. Kuchanja na kuhasi wengi pamoja huweza kupunguza gharama ya kila mmoja.

Kuhasi ndiyo kinga kubwa. Dume aliyehasiwa hupigana kidogo na hazururi mbali. Jike hubeba mimba kwa muda wa wiki tisa tu, kwa hiyo asipofungwa kizazi paka huongezeka upesi, na wakiwa wengi hupigana zaidi.

12. MFANO WA KUJADILI

Mama mmoja katika ploti amemkuta paka wake asubuhi akiwa amefumba jicho la kushoto. Jirani wa kwanza anampa chupa ya matone iliyobaki mtoto wake alipoumwa macho. Wa pili anasema ampe nusu kidonge cha maumivu. Wa tatu anasema hakuna mtu hulipia paka daktari wakati karo haijalipwa. Mama ana pesa za nauli tu, na zamu yake ya mzunguko ni mwezi ujao.

Jadilianeni:
1. Mnamjibu nini kila jirani?
2. Mama afanye nini katika saa ya kwanza?
3. Ni nani kikundini wa kumpigia simu, na pesa zitatoka wapi leo?
4. Jirani wa tatu ana hoja ya kweli. Mtaipimaje bila kumdharau yeye wala mama?
5. Katika ploti yenu, paka wangapi wamechanjwa? Ni nani atawahesabu kabla ya mkutano ujao?

KAZI YA NYUMBANI: Kila mwanakikundi afungue mahali anapoweka dawa za macho na asome majina yaliyoandikwa. Zilizopita muda wake asizitupe kwenye taka ambapo watoto na wanyama watazifikia. Azirudishe kwa mwenye duka la dawa aziharibu. Mkutano ujao, katibu asome ile orodha ya kliniki tatu.